Mwalimu wa mtoto wako, naye anaulizwa habari na nani?



Juma lililopita niliahidi kuandika namna ya kumsaidia mtoto kusoma nyumbani. Nitaandika, lakini si leo. Leo kuna jambo ambalo limekaa kooni mwangu tangu mwezi wa kumi, na mama mmoja wa chama chetu, ambaye jambo hili linamhusu, ameniruhusu kulisema mradi nisitaje jina lake wala la mtoto wake.

Nilimpiga mtoto.

Ninafundisha darasa la 3 la shule ya msingi, hapa Kadutu. Mwaka huu nina watoto 87 na mabenchi 20. Wakikaa wanne wanne, saba wanabaki bila mahali, basi kila asubuhi saba hao wanabanwa katikati ya wengine au wanaketi chini kwenye gunia. Na darasa la 3 ni gumu kwa sababu moja ambayo wazazi wengi hawaijui. Katika darasa la 1 na la 2, huku kwetu mashariki, mtoto anafundishwa kwa Kiswahili. Ndivyo mpango wa nchi unavyotaka. Akifika la 3 anageuziwa lugha. Hesabu ni kwa Kifaransa, usafi wa mwili ni kwa Kifaransa, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto aliyekuwa wa kwanza mwezi wa sita, Septemba anakuwa kama bubu. Mzazi anaona buletini ya kwanza, anasema mtoto amekuwa mvivu, au mwalimu wa mwaka huu hajui kufundisha.

Alhamisi ile nilikuwa ninafundisha vipimo: mita, desimita, sentimita. Nilimuuliza mtoto mmoja wa benchi la tatu kwa Kifaransa. Akajibu kwa Kiswahili, tena akajibu vizuri, lakini mimi sikusikia jibu, nilisikia tu kicheko cha darasa. Nilifikiri amenichekesha kwa makusudi. Mkononi nilikuwa na rula ya mbao ya mita moja, ile ile niliyokuwa ninafundishia, na nikampiga nayo kwenye vidole. Mara tatu. Darasa likanyamaza kama hakuna mtu ndani. Saa sita na nusu vidole viwili vilikuwa vimevimba.

Mimi si mtu asiyejua. Nilisoma ISP, hapa Bukavu. Saikolojia ya mtoto nilipata pointi nzuri. Sheria ya kumlinda mtoto, ile ya tarehe 10 Januari 2009, ninayo nyumbani katika kitabu kidogo. Naomba mtu asinitetee kwa kusema kwamba sisi wote tulipigwa na tulikua. Tulipigwa, ndiyo, na wengi wetu tuliacha masomo kwa sababu hiyo.

Lakini nataka niwaambie pia mambo yaliyotangulia Alhamisi ile, kwa sababu ndiyo ninayotaka kuandika leo. Mtoto wangu mdogo alikuwa na malaria, nilikuwa nimekesha usiku tatu. Mshahara ulikuwa umechelewa. Maji hayakutoka kwenye robine tangu Jumapili, kwa hiyo saa kumi za alfajiri nilikuwa kwenye mstari na bidoni mbili. Sauti yangu ilikuwa imekufa tangu Jumanne. Na kila jioni nilikuwa na kaye za kusahihisha. Hakuna mtu aliyejua lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimefika shuleni saa moja na dakika kumi, nimepiga kikwembe pasi, nimesalimia watu.

Kesho yake mama wa mtoto alikuja. Nilimwona kwenye mlango wa darasa, kitambaa kimefungwa vizuri, mtoto kando yake na mkono umefungwa bendeji. Nilijua nitatukanwa, na nilikuwa nimekubali. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, ulilala jana?"

Nilitazamia maneno mengine yote ila hayo. Nililia pale mbele ya watoto 87, jambo ambalo halifundishwi ISP. Mama yule akaingia, akachukua chaki, akaanza kuwaimbisha watoto wimbo wa kuhesabu mpaka nirudi kutoka nje. Baadaye tu ndipo aliponiambia, kwa sauti ndogo, kwamba jambo la vidole halijaisha, na kwamba nikirudia atakwenda mbali kuliko ofisi ya shule. Alikuwa na haki kwa yote mawili. Nilimwomba mtoto msamaha mbele ya wenzake siku ile ile.

Basi, Mama Direktrisi akaniita. Aliniandikia barua ya kudai maelezo, nijibu katika saa 48, kama inavyotakiwa. Nilijibu, na barua imo katika faili yangu mpaka leo. Sikukasirika. Mkubwa wa shule anayeficha kosa la namna hiyo kwa jina la huruma hamsaidii mwalimu, anamwachia shimo. Ila baada ya kuweka barua kwenye meza alifunga mlango, akaniuliza: "Usiku unafanya kazi gani?"

Nikamwambia: kaye. Akachukua chaki, akapiga hesabu nyuma ya mlango. Watoto 87, kaye mbili kila siku, ni kaye 174. Ukitumia dakika moja tu kwa kila kaye, ni karibu saa tatu. Kuongeza matayarisho ya masomo ya kesho, maana kaye ya matayarisho lazima iwe imejazwa kabla ya kengele. Kuongeza nyumba, mume, watoto, mbabula. Alitazama ile 174 kwa muda. Akasema: "Na mimi ndiye ninayekuomba uzisahihishe zote."

Tangu siku hiyo ninasahihisha kwa undani kaye za mstari mmoja kila siku. Darasa lina mistari minne, kwa hiyo kila mtoto ninamfikia barabara baada ya siku nne. Mistari mingine mitatu wanasahihisha ubaoni, wanabadilishana kaye na jirani, mimi ninapita katikati na biki nyekundu. Je, ni vizuri kama kusahihisha zote? Hapana. Lakini zamani nilikuwa ninaweka alama tu bila kusoma, macho yamefumba. Sasa ninasoma, na ninajua ni nani anayechanganya "b" na "d".

Hapa niseme neno langu. Nimehudhuria semina nyingi juu ya kumsaidia mwalimu. Siku tatu katika chumba kizuri, kaye mpya, biki, chakula cha mchana, picha ya pamoja. Karibu kila semina ilinirudisha shuleni na kazi moja zaidi: fishi mpya ya kujaza, mbinu mpya ya kuongeza juu ya zile za zamani. Mama Direktrisi ndiye mtu wa kwanza katika miaka kumi na moja ya kazi aliyenisaidia kwa kuniondolea kitu.

Tena alikuja darasani. Si ile ziara tunayoijua, mkubwa anaketi nyuma na karatasi, anaandika makosa, mwalimu anatoka jasho na kuzungumza Kifaransa cha kitabu. Alikuja bila karatasi, siku tatu mfululizo, akachukua mstari wa kushoto, mimi nikabaki na mitatu. Jioni tulikaa dakika ishirini. Aliniambia mambo ambayo mimi mwenyewe nisingeyaona. Kwamba ninazungumza nikielekea ubao, ndiyo maana ninalazimika kupiga kelele. Kwamba ninaanza na sauti ya juu tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo sina pa kupanda. Kwamba saa tatu jua linapiga ubao upande wa dirisha, na watoto wa kule nyuma wanaona mwanga tu. Na kwamba mtoto wa benchi la tatu, yule yule, anaelewa kila kitu ukimpa neno la Kiswahili kwanza.

Hilo la mwisho lilinigusa sana. Sasa neno jipya ninalipa kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha wanalirudia na mkono ukionyesha. Mita walijifunza kwa kamba: kila benchi lilikata kamba yake ya mita moja, wakapima mlango, benchi, urefu wa mwenzao. Kila benchi lina mkubwa wake, anayebadilishwa kila Jumatatu. Nikitaka kimya ninapiga makofi mawili, wao wanajibu matatu. Sauti yangu imerudi. (Inspekta wetu akisoma hapa na kuona kwamba ninatumia Kiswahili katika la 3, aje tuongee. Nitamwonyesha kaye za watoto.)

Kuna kitu kingine ambacho kipo katika kila shule, na ambacho wazazi hawakijui kwa sababu hata sisi walimu tulikuwa tumekisahau. Walimu wa shule moja wanapaswa kuwa na kikundi chao cha kazi, tunakiita seli ya msingi. Na shule zilizo jirani, ambazo mwalimu anaweza kufikia kwa miguu, zinapaswa kuungana katika mtandao wao ili walimu wabadilishane mambo ya ufundi wao. Kwetu seli hiyo ilikuwa ya karatasi. Nasema kweli: mara nyingine ripoti ya mkutano iliandikwa na mkutano haukufanyika, ili tu faili ya inspekta ijae. Baada ya jambo langu tulianza kukutana kweli, Jumamosi mbili kwa mwezi, saa tatu mpaka saa tano. Kanuni ni moja: kila anayekuja alete jambo moja lililomshinda juma hilo. Hatutaki jambo lililofaulu. Mwanzoni watu walinyamaza, kila mtu anataka aonekane anajua. Nilianza mimi, na rula yangu, kwa kuwa habari ilikuwa imekwisha kuenea katika mtaa mzima na sikuwa na kitu cha kuficha. Kisha mwalimu wa la 5, mtu mzima wa miaka mingi kazini, akasema kwamba hajawahi kuelewa namna ya kufundisha kugawanya sehemu kwa sehemu, anafundisha kanuni tu na kuomba Mungu asiulizwe kwa nini. Tulicheka mpaka machozi. Kisha mwalimu kijana wa la 4, aliyetoka shule juzi tu, akachukua ubao akatuonyesha kwa chungwa.

Si wote wanaokuja. Wawili wanasema Jumamosi ni siku ya kutafuta pesa, na mimi siwezi kuwahukumu, maana mmoja wao hana namba ya kazi.

Hapa wamama wengi wananiuliza: hiyo namba ni nini? Mnakumbuka Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bure. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kuliandika hilo katika kifungu cha 43, lakini ilikuwa maandishi tu. Tulipiga vigelegele, na tulikuwa na haki: nawajua wasichana katika mtaa wangu ambao walirudi shuleni mwaka ule na leo wako sekondari. Lakini kabla ya hapo, mwalimu alikuwa anaishi kwa pesa ya wazazi, ile motivasio. Ilipoondolewa, mwalimu aliye kwenye listi ya malipo ya serikali alibaki na mshahara wake. Yule asiye kwenye listi, yule tunayemwita kwa herufi mbili, N.P., yaani asiyelipwa, alibaki na chaki. Faili yake imepelekwa kwenye ofisi ya malipo tangu ikiitwa SECOPE, sasa inaitwa DINACOPE, na yeye bado anangoja. Na wakati huo huo madarasa yalijaa. Mimi mwenyewe nilifundisha Kifaransa sekondari miaka minne bila kuwa kwenye listi, wazazi ndio walionilisha. Nilipopata nafasi ya shule ya msingi yenye mshahara, niliacha sekondari. Wenzangu wa ISP walisema nimeshuka. Mfuko wangu haukusema hivyo.

Kwa hiyo mkisikia mgomo wa walimu mwezi wa tisa, najua mnachoka, watoto wanazunguka mtaani. Lakini msiseme kwamba walimu hawapendi watoto. Mwalimu wetu asiye na namba amefika kila siku tangu mwaka wa shule uanze, kwa miguu, kutoka Cimpunda.

Sasa kuhusu Mama Direktrisi mwenyewe.

Jioni moja nilisahau mwavuli wangu nikarudi shuleni, ilikuwa karibu saa kumi na moja, wanafunzi wa zamu ya mchana wametoka. Ofisi ilikuwa giza. Alikuwa ameketi mle ndani, simu inalia juu ya meza, haishiki. Nilifikiri amefiwa. Akaniambia: "Hapana, mwalimu. Ninapumzika kidogo kabla ya kuwa mtu mwingine nyumbani."

Tuliketi. Ndipo nilipojua kazi ile ni nini. Shule yetu ni ya mapatano, kama nyingi katika nchi hii: serikali inalipa, kanisa linaongoza. Mkubwa wa shule ana mabwana wawili, na kila mmoja ana karatasi zake. Kulikuwa na takwimu za kutoa kabla ya Ijumaa, watoto kwa umri na kwa jinsia, darasa kwa darasa. Kulikuwa na pesa ya uendeshaji, kidogo na iliyochelewa, na chaki imekwisha, kwa hiyo alikuwa amenunua katoni kwa pesa yake. Kulikuwa na mzazi aliyemtukana asubuhi kwa sababu alimkataa mtoto wa 88 katika darasa langu. Kulikuwa na mgombea wa uchaguzi wa 20 Desemba 2023 aliyetaka uwanja wa shule kwa ajili ya kugawa vikwembe, akaambiwa hapana, akakumbusha kwamba anawajua watu. Na kulikuwa na sisi walimu 14, kila mmoja na shida yake, tunaingia ofisini kama kwenye zahanati.

Nikamuuliza: "Na wewe, Mama, nani anakuuliza habari?" Akacheka. Alisema mkubwa wake anamwuliza ripoti.

Sikuwa na cha kumpa. Nilimngoja afunge ofisi, tukashuka pamoja kwenye matope, yeye ameshika mwavuli. Lakini juma lililofuata tuligawana zile karatasi za takwimu: kila mwalimu anahesabu darasa lake na kuleta tarakimu safi, na mimi na mwalimu wa la 6 tunajumlisha Alhamisi. Kazi iliyokuwa inamla siku mbili sasa ni saa mbili. Naye amepata wenzake. Wakuu wa shule nne za jirani wanakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwa mmoja wao, chai na sambaza. Hakuna ripoti inayoandikwa. Siulizi wanasema nini, lakini naona anavyorudi Jumatatu.

Wengine mtaniuliza juu ya pesa, maana maneno mazuri hayanunui makala. Ni kweli. Sisi walimu 11 kati ya 14 tumeingia katika MUSO. Wamama wa chama hiki mnaijua kunishinda, lakini kwa ajili ya walimu wa shule nyingine wanaosoma: kuna sanduku la kijani, kila mmoja anaweka akiba na anaweza kukopa humo na kurudisha na faida ndogo, na kuna sanduku jekundu, ambalo mchango wake haurudi, ni wa msaada tu, ugonjwa, msiba, uzazi. Lipo pia la buluu, la pesa inayotoka nje, letu ni tupu. Sisi tunaweka franka 5 000 kwa mwezi katika la kijani na 1 000 katika jekundu. Si nyingi. Lakini mwezi wa kumi na moja mwalimu wa la 1 alipolazwa, sanduku jekundu lililipa dawa za siku ya kwanza, na hakuna aliyelazimika kwenda kupiga magoti kwa mwenye duka. Zamani tulikuwa na likelemba tu, na likelemba ni nzuri kwa kununua sufuria au kulipa kodi zamu yako ikifika. Ugonjwa hautazami zamu.

Na ninyi wazazi? Sisemi mtuletee kuku. Tena nasema wazi: kuku anayeletwa majuma mawili kabla ya mitihani ana jina lake, na mnalijua. Ninachoomba ni vitu vingine. Ukiwa na neno na mwalimu, usije saa moja na nusu asubuhi kwenye mlango wa darasa, njoo saa sita na nusu, tutakaa. Ukisikia mtoto anasema mwalimu amefanya hivi, sikia, halafu njoo uulize, usimtukane mwalimu mbele ya mtoto kwenye sahani ya ugali, maana kesho mtoto huyo ananitazama kwa macho yako. Mwalimu akipiga mtoto, akimtukana, akimwomba msichana mambo ya aibu, hapo usinyamaze hata siku moja, na usikubali jambo limalizwe kwa soda. Nasema hivyo mimi niliyepiga.

Kuna mambo madogo ambayo kamati ya wazazi wa shule yetu imefanya mwaka huu. Baba mmoja seremala alitengeneza mabenchi matatu yaliyovunjika kwa mbao zetu wenyewe. Na wamama wawili walifanya jambo ambalo wanaume wa kamati hawakuwa wameliona miaka yote: waliweka mlango na kufuli kwenye choo kimoja, kwa ajili ya walimu wanawake, na bidoni ya maji ndani. Mnajua mwanamke anayesimama mbele ya watoto tangu saa moja na nusu mpaka saa sita na nusu, katika siku zake, bila mahali pa kwenda, anafundishaje? Hafundishi. Anahesabu dakika. Mwenzetu mmoja alikuwa anakosa kazi siku mbili kila mwezi na wote tulisema ni mvivu. Hajakosa tena tangu kufuli liwekwe.

Kila mwaka tarehe 30 Aprili, siku ya elimu katika nchi yetu, na tarehe 5 Oktoba, siku ya walimu duniani, tunasikia hotuba. Mwaka huu tarehe 5 Oktoba nilivaa kikwembe kipya. Majuma mawili baadaye ndipo nilipomfunga mtoto wa watu bendeji.

Jumamosi ijayo seli yetu inakutana, saa tatu, katika darasa langu. Jambo la siku ni kusoma: watoto wa la 3 wanaosoma silabi lakini hawaelewi walichosoma. Walimu wa shule jirani mnakaribishwa, leteni kitabu kimoja cha darasa lenu na mtu mmoja alete chaki, yetu imekwisha tena.

Mtoto wa benchi la tatu yuko. Jumatatu alikuwa mkubwa wa benchi lake. Alileta kaye mezani kwangu bila kuitwa, sentensi saba kwa Kifaransa juu ya mbuzi wa babu yake, makosa manne. Mbuzi ana urefu wa sentimita 62, ameandika. Alimpima na kamba.